Madirisha na milango ya mbao, chuma au alumini: kipi kitadumu Kigoma, kipi kitadumu Tabora?

Dada yangu anajenga Ipuli, Tabora. Mimi nimejenga Gungu, Kigoma. Ukuta wake ulipofika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, alinipigia simu: "Mdogo wangu, madirisha niweke ya nini?" Nilitaka kumjibu palepale, maana ya kwangu ni ya alumini na sina malalamiko nayo. Nikajizuia. Nyumba yake iko bara, kwenye ardhi ya mchwa na kiangazi kikavu. Yangu inatazama ziwa, na jua la alasiri linaipiga usoni. Kitu kinachodumu kwangu kinaweza kumtia yeye hasara, na cha kwake kinaweza kunitia hasara mimi. Tukazungumza jioni tatu mfululizo. Haya ndiyo tuliyoyapima, kwa faida ya yeyote aliyesimama mbele ya kuta zenye matundu wazi akiwa hajui aite seremala, fundi wa kuchomelea au fundi wa alumini.

Tunapima kwa nini

Kitu cha kwanza ni kujua nini hasa kinachoua fremu. Watu husema "imezeeka", lakini umri peke yake hauozeshi mbao wala haushikishi chuma kutu. Wauaji ni watatu: jua, maji yanayokaa, na wadudu. Nasisitiza yanayokaa. Mvua inayopiga fremu kisha ikakauka kabla ya jioni haina madhara makubwa. Madhara yako kwenye kijiko kimoja cha maji kilichojificha chini ya kizingiti kwa wiki nzima. Baada ya hao watatu inakuja matunzo, yaani kazi utakayotakiwa kuifanya mwaka hadi mwaka, na mwisho gharama pamoja na upatikanaji wa fundi. Kila aina nitaipima kwa vigezo hivyohivyo.

Sasa mazingira yetu. Kigoma na Tabora zote ziko karibu na nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, ambao hapa nitauita masika, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi. Tofauti iko hapa: Tabora ni uwanda wa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, mbali na maji makubwa. Kufika Septemba hewa imekauka kiasi kwamba midomo inapasuka, na mbao nazo zinapasuka. Kigoma iko kando ya ziwa lenye usawa wa mita 773 hivi, na upepo wa ziwa hupanda mchana ukiwa na unyevu wake. Mbao za Kigoma hazikauki kupita kiasi kama za Tabora, lakini ukungu unazipenda zaidi.

Jambo moja tunafanana, nalo husahaulika sana: hatuna chumvi ya bahari hewani. Ushauri mwingi wa ujenzi unaozunguka kwenye simu umetoka Dar es Salaam na Tanga, ambako chuma kinaliwa na hewa yenye chumvi. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maji baridi, yaani si ya chumvi kama ya bahari. Anayejenga Kigoma akiogopa chuma kama mtu wa Kigamboni anajinyima kitu kizuri bila sababu. Ila anayejenga Uvinza karibu na kazi za chumvi, huyo na aogope kama watu wa pwani.

Mbao ngumu za miombo: mninga, mkurungu, mkora

*Jua na ukame.* Mninga unapendwa na maseremala kwa sababu ambayo wengi hawaitaji: ukishakauka sawasawa, hauvimbi wala haunywei sana. Ndiyo maana mlango wa mninga hubaki umenyooka wakati wa mbao nyingine umejikunja kama ganda la muwa. Lakini neno kubwa hapo ni "ukishakauka". Mbao nyingi zinazouzwa zimekatwa juzi. Ukinyanyua ubao ukausikia mzito kuliko ulivyotarajia, ukagusa sehemu ya ndani ya tita ukaona ubaridi wa unyevu, huo bado mbichi hata kama muuzaji ana uso wa kuaminika.

Haya nimeyaona nyumbani kwetu. Mzee alitengenezewa shata za madirisha, yaani vifuniko vya mbao vya kufungua na kufunga, mwezi Septemba, kiangazi kikiwa kikali, na fundi akazibana vizuri kabisa, zikafunga kwa mlio mmoja. Kila mtu akamsifu. Januari hazikufunga tena. Mbao zilikuwa zimekunywa unyevu wa masika zikavimba, tukalala na madirisha yaliyofungwa kwa kamba huku mvua ikiingia. Yule fundi akarudi na randa, akazipunguza, na Septemba iliyofuata zilikuwa na uwazi wa kupitisha nyoka mdogo. Kwa Tabora, shata ya mbao ikipachikwa kiangazi iachiwe nafasi ya milimita 3 hivi kila upande. Ikipachikwa masika, nafasi iwe ndogo zaidi.

Jua lenyewe hushambulia uso wa mbao. Miale yake huvunja ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti, uso unakuwa wa kijivu, mvua inauosha, kisha jua linaanza upya kwenye nyuzi za chini. Vanishi isiyo na rangi haizuii kitu hapo. Miale inapita ndani yake kama inavyopita kwenye kioo, inaharibu mbao chini, na vanishi inabanduka magamba kwa sababu kilichoishikilia kimekufa. Kama unapenda kuona uso wa mninga, paka vanishi yenye rangi ndani yake, au weka ile isiyo na rangi milango ya ndani tu.

*Maji.* Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji unyevu. Mbao ikiwa na maji chini ya asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu, hawawezi kuishi humo. Kwa hiyo mbao haiozi kwa kunyeshewa. Inaoza kwa kutokauka. Mahali pa kwanza ni miguu ya fremu ya mlango, pale ncha za nyuzi zinapogusa sakafu. Ncha hizo hunyonya maji kama mirija, mara nyingi zaidi kuliko ubavu wa ubao. Na sisi tunapiga deki kila asubuhi. Kabla fremu haijaingia ukutani, ncha zote zipakwe dawa na rangi mara mbili, na mguu usimame juu ya zege lililoinuka kidogo, usizikwe ndani ya sakafu. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na sijaona fundi anayeifanya bila kuambiwa.

*Wadudu.* Kwa Tabora hii ndiyo mada yenyewe. Mchwa hawatoki hewani. Wanatoka ardhini na kujenga njia za udongo juu ya msingi, au wanapita ndani ya nyufa za ukuta nyuma ya plasta, wakaibukia kwenye fremu bila wewe kuwaona. Kiini cha mninga na mkora wanakiogopa. Mbao nyeupe ya pembeni, ile iliyokuwa karibu na gome, wanaila kama ugali. Fremu ikiwa na ukanda wa weupe upande mmoja, ukanda huo utaondoka na kukuachia tundu refu nyuma ya plasta. Kataa ubao wenye weupe kwa kazi ya fremu, hata ukipunguziwa bei. Kigoma mchwa wapo pia, hasa viwanja vipya vilivyokuwa mashamba, lakini huko tunasumbuliwa vilevile na vipekecha mbao, wale wanaoacha vumbi laini la unga chini ya mlango.

Nyongeza kuhusu oili chafu. Karibu kila fundi ataipaka upande wa fremu unaogusa ukuta. Inafukuza maji na mchwa kwa muda, sikatai. Lakini inapenya na kutia doa kwenye plasta, inazuia rangi isishike, na ni uchafu wenye sumu unaoushika kwa mikono mitupu. Dawa ya mbao ya dukani inafanya kazi hiyo vizuri zaidi na inakaa.

*Matunzo.* Upande wa magharibi, rangi mpya kila baada ya miaka miwili au mitatu. Upande wenye kivuli cha baraza, hata mitano. Mara mbili kwa mwaka zunguka nyumba na bisibisi, chokoa miguu ya fremu, na vunja njia yoyote ya udongo uionayo.

*Gharama na fundi.* Mninga ni ghali na unazidi kuwa adimu, kwa sababu unakua taratibu na umekatwa mno. Nunua mbao zenye mhuri wa nyundo na karatasi za Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao za njia za panya zinaweza kukamatwa barabarani pamoja na gari ulilokodi, na zinamaliza misitu ya Urambo, Sikonge na Uvinza ambayo wajukuu zetu watauliza ilikwenda wapi. Maseremala hodari tunao, mikoa yote miwili.

*Inamfaa nani.* Mwenye baraza pana, anayeishi ndani ya nyumba yake, na asiyechoka kushika brashi. Mlango wa mbele wa mninga hauna mpinzani kwa heshima na kwa kutokupokea joto la jua.

Paini iliyotiwa dawa

Hii naipitia kwa haraka, kwani kwa madirisha ya nje ningeipendekeza mara chache.

*Jua na ukame:* inanywea na kujikunja zaidi ya mninga, na vifundo vyake hutoka utomvu jua likiwa kali, ukapenya rangi. *Maji:* bila dawa inaoza upesi. *Wadudu:* kila kitu kinategemea dawa imeingia kiasi gani. Paini nyingi inayofika kwetu imetoka nyanda za juu kusini, upande wa Mafinga na Sao Hill, ikiwa na rangi ya kijani kwa sababu ya shaba iliyomo kwenye dawa. Rangi hiyo isikudanganye. Mwambie muuzaji akate kipande kidogo katikati ya ubao. Kama ukijani umeingia sentimita moja au zaidi, mbao ilisukumiwa dawa kwa mgandamizo. Kama ni ngozi tu juu na ndani kumebaki cheupe, ilichovywa, na mchwa wa Tabora watapita pale fundi alipopiga msumeno. Kila ncha inayokatwa ipakwe dawa tena.

*Matunzo* ni yaleyale ya mbao, kwa vipindi vifupi zaidi. *Gharama* ni nafuu kuliko zote. *Inamfaa* anayefanya milango ya ndani, dari na kenchi, au mwenye nyumba ya kupangisha ya vyumba vichache ambaye anajua atabadilisha.

Kuna jambo la kuokoa afya hapa: mabaki ya paini ya kijani yasipikiwe. Dawa zilizozoeleka zaidi huwa na shaba, kromiamu na aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Nimewaona watoto wakiokota vipande hivyo kwenye eneo la ujenzi kupeleka jikoni. Wazuieni, na mabaki yafukieni mbali na kisima.

Chuma

*Jua na ukame.* Jua haliathiri chuma chenyewe. Linaathiri rangi yake. Rangi ya mafuta hupauka, ikawa unga ukiipangusa kwa kiganja, na baada ya hapo haizuii maji. Chuma hupata joto kali. Dirisha la chuma linalotazama magharibi halishikiki saa kumi jioni, na joto hilo linaingia ndani.

*Maji.* Kutu inahitaji vitu viwili kwa pamoja, maji na hewa. Kiangazi cha Tabora kinakaribia kuisimamisha kabisa. Ndiyo maana utaona milango ya chuma ya maduka ya zamani, Tabora mjini, imekaa miongo mingi na rangi mbili tatu tu. Kigoma kutu inatembea, lakini kwa mwendo wa maji baridi, si wa bahari.

Na mfano wetu mkubwa wa chuma na maji uko hapohapo Kigoma. Meli ya Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini mafundi walioizamisha walitaka siku moja irudi, wakazipaka injini grisi nzito kabla ya kuiachia maji. Ikaopolewa mwaka 1924, ikatengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Karibu miaka minane chini ya ziwa, na injini zilikuwa bado zinafaa. Ninapompa mtu mfano wa kwamba chuma kinalindwa na kile kilichokifunika kuliko unene wake, namtajia meli hiyo.

Sasa irudishe hiyo kwenye dirisha lako. Skwea paipu, yaani paipu ya chuma ya pande nne inayotengenezewa fremu, ni tupu ndani. Ncha zikiachwa wazi, au zikitobolewa kwa skrubu bila kuzibwa, maji ya mvua huingia na kukaa humo, na paipu inaliwa kutoka ndani wakati wewe unasifia rangi ya nje. Siku moja unabonyeza kwa kidole, kinapita. Mwambie fundi afunge ncha zote kwa kuchomelea, bila kuacha hata tundu la sindano, na sehemu ya chini aweke mteremko ili maji yasisimame. Mahali pa kuchomelea pagongwe magamba, pasuguliwe kwa brashi ya waya hadi pang'ae, na rangi ya kuzuia kutu ipakwe siku hiyohiyo, kabla ya umande wa usiku. Kwa kawaida fundi hupaka ile rangi nyekundu juu ya kutu na vumbi, kisha anapeleka dirisha saiti. Rangi iliyokaa juu ya kutu itabanduka nayo, maana kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inavimba na kuisukuma rangi.

Paipu iliyopakwa zinki ni bora zaidi, lakini moto wa kuchomelea huiunguza ile zinki pale kwenye maungio, kwa hiyo hapo panahitaji rangi maalumu ya zinki. Moshi wake unaumiza mapafu. Fundi afanyie kazi hiyo nje, penye upepo.

*Wadudu.* Hawana habari nacho. Kwa kiwanja chenye vichuguu, hii pekee inatosha kukifikiria chuma. Ila angalia: mchwa watapita kando ya fremu ya chuma waende kwenye dari na kabati. Kuweka chuma hakumwondolei mtu wajibu wa kutia dawa ya mchwa kwenye msingi kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu.

*Matunzo.* Ukaguzi kila mwisho wa masika. Doa la kutu likiwa dogo kama sarafu, msasa na rangi kidogo vinamaliza kazi. Ukiliacha misimu mitatu utakata na kuchomelea upya. Puti inayoshika kioo nayo hukauka na kupasuka, maji yakaanza kukaa ndani yake. Ikipasuka, itolewe.

*Gharama na fundi.* Chuma kina faida ambayo watu husahau kuijumlisha, kwamba dirisha na grili ni kitu kimoja. Fundi wa kuchomelea yupo hadi vijijini, Kaliua, Kasulu, Kazuramimba, mahali popote penye umeme au jenereta. Kikivunjika kitatengenezwa jioni ileile.

*Inamfaa nani.* Mwenye kiwanja cha mchwa, mwenye hofu ya wezi, anayejenga mbali na mjini, na anayejenga polepole, kwani fremu za chuma hazitaharibika zikisubiri, mradi zimepakwa rangi na zimeinuliwa kutoka ardhini.

Alumini

*Jua na ukame.* Alumini isiyopakwa haidhuriki na jua. Iliyopakwa rangi ya unga kiwandani hukaa muda mrefu kuliko rangi ya brashi, ingawa rangi za giza hufubaa upande wa magharibi. Anayechoka kwanza ni mpira unaoshika kioo, pamoja na silikoni ya bei rahisi. Mpira hukakamaa na kunywea kwenye kona, na hapo ndipo maji yanapoingilia. Kuna na suala la kutanuka. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Dirisha la mita 1.5, likipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na alasiri, hurefuka milimita moja hivi, na hurudi usiku. Fremu iliyobanwa kwa saruji bila nafasi itapasua ukingo wa plasta. Inatakiwa nafasi ya milimita chache pande zote, ijazwe silikoni nzuri.

*Maji.* Haishiki kutu kama chuma, kwa kuwa ikigusana na hewa hujifunika utando mwembamba sana unaoilinda, na utando ukikwaruzwa hujirudia. Utando huo una adui ambaye yuko kwenye kila saiti: saruji mbichi. Saruji ikiwa na maji huuyeyusha, na alama nyeupe zinazobaki hazitoki kwa kusugua. Kwa hiyo madirisha ya alumini yaingie baada ya plasta kukauka, au yafunikwe kwa utepe hadi kazi iishe. Yangu mawili yana madoa hayo hadi leo. Fundi wa plasta na fundi wa alumini walipishana, na mimi nilikuwa safarini.

Adui wa pili ni skrubu za chuma cha kawaida. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, moja hujitoa mhanga, na hapa ni alumini. Kwenye maji baridi jambo hili linakwenda taratibu kuliko pwani, lakini linakwenda. Tumia skrubu zisizoshika kutu, na grili ya chuma isiguse fremu. Weka kipande cha mpira kati yao.

*Wadudu.* Hawaigusi.

*Matunzo.* Kidogo kuliko yote, lakini si sifuri. Madirisha ya kusukuma yana mfereji chini wenye vitundu vya kutolea maji. Vumbi la barabara za Tabora huziba vitundu hivyo wakati wa kiangazi, mvua ya kwanza ikija mfereji unafurika kuelekea sebuleni. Wenye madirisha hayo huwa wanadhani dirisha limeharibika, kumbe linahitaji njiti na maji ya sabuni kila Oktoba. Magurudumu madogo ya chini nayo huchakaa kwa vumbi. Kabla ya kulipa, uliza kama yanapatikana madukani mjini kwako au ni ya kuagiza Dar es Salaam au Mwanza.

*Gharama na fundi.* Ukipewa bei ya dirisha la alumini, uliza kama ina wavu, grili, silikoni na usafiri. Vioo vinasafiri kwa lori mbali sana kabla ya kufika Kigoma, na vinavyovunjika njiani vinalipwa na mtu. Unene nao unatofautiana mno. Bonyeza fremu katikati kwa vidole viwili. Ikikubali kupinda, upepo wa mvua za Desemba nao utaipinda.

*Inamfaa nani.* Anayeishi mbali na nyumba yake, mwenye nyumba inayotazama ziwa bila baraza, mwenye madirisha mapana ya sebuleni, na anayejenga mjini ambako fundi yuko karibu.

Neno kuhusu wavu na bawaba

Mara nyingi si fremu inayotangulia kufa. Wavu wa waya wa kawaida unaanza kutoa vumbi jekundu baada ya masika mawili, na ule wa plastiki rahisi unakuwa mkavu kwa jua, mtoto akiusukuma unapasuka. Wavu wa nyuzi za kioo au wa alumini unagharimu zaidi na unakaa zaidi. Bawaba za chuma kwenye mbao ngumu nazo zinahitaji uangalifu: mbao ina tindikali hafifu, na ikiwa na unyevu inazila skrubu kimyakimya, ukaona doa jeusi kuzunguka kichwa. Bawaba za shaba nyeupe au zisizoshika kutu zinaokoa mlango mzima.

Ukiwa katika hali hii

Kama uko Tabora na kiwanja kina vichuguu, weka chuma nje na mbao ndani, na pesa unayookoa iende kwenye dawa ya msingi. Ukitaka mbao nje hata hivyo, iwe kiini kitupu cha mninga au mkora, na baraza liwepo.

Kama uko Kigoma na nyumba inatazama ziwa, kumbuka kwamba upande ule mzuri wa kuangalia jua likizama nyuma ya milima ya Kongo ndio upande unaopigwa na jua la alasiri pamoja na upepo wa unyevu. Weka alumini hapo, au chuma kilichofungwa vizuri chini ya baraza. Pande nyingine za nyumba hazihitaji gharama hiyo, na hakuna sheria inayosema nyumba iwe na aina moja ya madirisha.

Kama uko bondeni au karibu na ufukwe, ambako watu wameshuhudia ziwa likipanda na kuingia majumbani miaka hii ya karibuni, usiweke mbao kwenye sehemu ya chini ya nyumba. Fremu ikilowa siku nyingi ndani ya ukuta haikauki.

Kama hutaishi humo, na ndugu atakayebaki hana moyo wa brashi na msasa, lipia alumini. Kama utaishi humo na mfuko ni mwembamba, chuma kilichopakwa kwa uaminifu ndicho kitakachokustahimili. Kama ni ya kupangisha, milango ya nje iwe ya chuma na ya ndani iwe ya paini, na kila mpangaji akihama kagua miguu ya fremu kabla mwingine hajaingia.

Na kama unajenga kwa awamu, usinunue mbao ngumu mapema ukaziacha uani chini ya turubai. Chini ya turubai unyevu hautoki. Ziweke ndani, juu ya matofali, na vipande vya mbao kati ya kila safu ili hewa ipite.

Dada yangu ameamua hivi: madirisha ya chuma pande zote, yenye ncha zilizofungwa, mlango wa mbele wa mninga chini ya baraza la mita mbili, na paini ndani. Kaka yetu mkubwa anasema angeweka alumini sebuleni, na sina hoja ya kumpinga zaidi ya vumbi la barabara inayopita mbele. Fremu ya mlango imeshafika. Nimemwomba asimruhusu fundi kuisimamisha kabla hajaiona miguu yake imepakwa dawa, na anitumie picha ya chini, siyo ya juu.